Kung'oa Kizazi Si Jibu la Kwanza

Upo usemi uliokwisha ota mizizi mitaani, maofisini na hata katika vyumba vya walimu: kwamba mwanamke anayeteswa na maumivu na kuvuja damu nyingi kila mwezi hana dawa ila kuondolewa kizazi, na kwamba habari ya kuzaa aisahau. Usemi huo ni kasumba, na hauna budi kupigwa vita.

Ugonjwa wenyewe huitwa adenomiosisi. Utando wa ndani wa mji wa mimba huota ndani ya msuli wake. Msuli hunenepa, hedhi huwa nzito na mgonjwa huishiwa damu. Zamani ugonjwa huu ulithibitishwa baada ya kizazi kukatwa na kupimwa maabara. Zama hizo zimepita. Leo altrasaundi ikifanywa na mtaalamu, au kipimo cha MRI, huuonyesha kizazi kikiwa mahali pake. Kwa nini basi fikra zibaki kule kule?

Ni kweli kwamba kuondoa kizazi humaliza adenomiosisi. Kwa mama aliyekwisha pata watoto na kuchoshwa na mateso, huo ni uamuzi halali. Lakini kumshauri hivyo kijana wa miaka 28 ambaye hajazaa, bila kumweleza njia nyingine, ni kumwamulia maisha yake. Kipo kitanzi chenye homoni, kipunguzacho damu na maumivu; huzuia mimba kikiwamo mwilini, na kikitolewa kizuizi hicho huondoka. Zipo sindano za kuutuliza ugonjwa kwa muda. Upo pia upasuaji wa kuondoa sehemu iliyougua tu. Huko Japani, daktari Hisashi Osada alitangaza mwaka 2011 matokeo ya upasuaji wa namna hiyo kwa wanawake 104. Kati ya 26 waliotaka mtoto, 16 walishika mimba na 14 wakajifungua watoto wenye afya.

Hesabu hiyo isigeuzwe ahadi ya uongo. Wanawake 12 kati ya hao 26 hawakupata mtoto, na kizazi kilichoshonwa kinaweza kupasuka wakati wa mimba; mama wa namna hiyo hana budi kuangaliwa na daktari bingwa. Lakini wale 14 wangezaa vipi kama kizazi kingeng'olewa siku ya kwanza?

Wapo pia wakuu wa kazi wamwitao mwalimu mvivu kwa kuomba ruhusa kila mwezi, na waume wanaokimbilia mke wa pili ilhali wao wenyewe hawajapimwa. Hao wanatonesha kidonda.

Wajibu uko wazi. Daktari aeleze njia zote kabla ya kushika kisu, na pasipo na mtaalamu atoe rufaa. Mume apimwe pamoja na mkewe. Mwalimu awafundishe wasichana kwamba maumivu yanayomlaza mtu kitandani kila mwezi si desturi ya wanawake, bali ni dalili ya kutibiwa. Kizazi ni cha mwenye nacho. Asikitolee mtu hukumu kabla mwenyewe hajasikilizwa.