Watoto Wetu Wasikose Chuo kwa Sababu ya Karatasi

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Julai, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita hutangazwa, na habari hizo hufika Mikindani saa ile ile. Zamani zilingoja gazeti. Leo zinafika kwa simu ya mkononi kabla wazee hawajatoka msikitini. Furaha huwa kubwa. Mama hupiga vigelegele, jirani huja kutoa mkono wa heri, na mjomba, ambaye kwetu Kusini ana haki na wajibu juu ya mtoto wa dada yake, huanza kuhesabu korosho ambazo bado ziko mtini.

Lakini sisi tumeona, na wasomaji wetu wengi wameona, kwamba si kila aliyepigiwa vigelegele mwezi wa Julai huonekana chuoni vyuo vinapofunguliwa. Mtoto aliyeshindwa mtihani twajua la kumwambia: ajaribu tena, au ashike ufundi, na hapana aibu katika hayo. Je, yule aliyefaulu kisha akakosa chuo kwa sababu jina lake katika cheti cha kuzaliwa halifanani na jina la shuleni, tumwambie nini? Huyo hakushindwa yeye. Tumeshindwa sisi wakubwa. Ndiyo maana leo twataka kusema na wanachama wetu juu ya jambo hili bila kuficha.

Wanachama wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii hakikuanzia Mlimani. Kilianza tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, ndani ya jumba la TANU katika mtaa ujulikanao leo kwa jina la Lumumba, mjini Dar es Salaam. Somo lilikuwa moja tu, sheria, na wanafunzi hawakuzidi 15. Chama kilitoa nyumba yake ili elimu ipate pa kukaa. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea. Kabla ya hapo kijana wa Kusini aliyetaka shahada alikwenda mbali. Marehemu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alisoma Ndanda na Pugu, akaifuata shahada yake Makerere, Uganda, na kuipata mwaka 1962.

Vizuizi vya siku zile vilikuwa uchache wa nafasi na ubaya wa njia. Hata mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Leo basi huondoka Mtwara alfajiri na abiria wakalala Dar es Salaam. Vyuo navyo ni vingi. Hapa hapa Mtwara kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris tangu mwaka 2009, kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu, na kuna kituo cha Chuo Kikuu Huria. Kizuizi cha leo ni cha namna nyingine. Ni karatasi, ni tarehe, na ni kutojua taratibu. Kizuizi hicho chaweza kuondolewa na watu wa mtaa mmoja wakikaa pamoja jioni mbili tatu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hulikosea. Husikika mzazi akisema, “Mwanangu ameomba TCU.” Maneno hayo yalikuwa na ukweli kuanzia mwaka 2010, maombi yote yalipopitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 2017 mambo yamebadilika. Mwombaji hupeleka maombi yake mwenyewe kwenye chuo anachokitaka, na aweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Kazi ya Tume ni kutoa kitabu cha mwongozo, kupanga awamu za maombi na kuangalia kwamba waliochaguliwa wana sifa. Kijana akikaa kuingoja Tume impangie chuo, atangoja mpaka wenzake wamalize mwaka wa kwanza.

Kitabu hicho cha mwongozo hutolewa bure katika tovuti ya Tume, nacho ndicho cha kusomwa kabla ya kingine chochote. Ndani yake kila chuo kinachoruhusiwa kimetajwa, na kila kozi na sharti lake. Chuo kisichokuwamo kiachwe, hata kama tangazo lake linapendeza. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 visipokee wanafunzi wapya, na mwenye kusoma mwongozo hakudanganyika.

Sifa ya kuingia kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi na kupata jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Lakini hiyo ni ruhusa ya kufika barazani tu. Kila chumba kina mlango wake. Udaktari wa binadamu hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Kijana aliyesoma Historia, Jiografia na Kiingereza akijaza udaktari kwa sababu rafiki yake amejaza, ameitupa nafasi yake mwenyewe, na hapana wa kumlaumu.

Twawaomba vijana vile vile wasichague kozi kwa jina lake kuvuma, bali watazame nchi yao wenyewe. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa tangu mwaka 2006, na bomba lake la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Sote twakumbuka mwaka 2013, Mtwara ilipowaka moto kwa ajili ya bomba hilo na watu wakapoteza maisha. Watu walikuwa wakidai faida. Faida ya gesi huandikwa katika mikataba na hupimwa katika visima, na anayeandika na kupima ni mwanasheria, mhasibu, mjiolojia na mhandisi. Masomo hayo yanafundishwa Dar es Salaam na Dodoma. Hatusemi kila mtoto akasome gesi, maana kazi za huko ni chache. Twasema asiwepo mtu wa kutuambia kwamba Kusini hakuna mwenye kuyaelewa.

Wala gesi si kitu pekee tulicho nacho. Korosho zetu zina kituo cha utafiti hapo Naliendele, karibu kabisa na mji wa Mtwara, na mtoto wa mkulima aliyesoma kilimo Sokoine, Morogoro, aweza kurudi hapo akiwa mtafiti. Bahari yetu, kutoka Mnazi mpaka maingilio ya mto Ruvuma, ni hifadhi tangu mwaka 2000, na mvuvi wa Msimbati angefurahi siku moja kuzungumza na mtaalamu wa samaki ambaye ni mjukuu wa mvuvi mwenzake.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo wengi huanguka. Babu alimwita mtoto Selemani. Cheti cha kuzaliwa kikaandika Suleiman. Shule ikaandika Sulemani, na kitambulisho cha taifa kikaleta la nne. Kwetu nyumbani ni mtu mmoja. Katika mashine ni watu wanne. Kurekebisha jina ni kazi ya kiapo, ada na safari za ofisini, na haifanyiki kwa siku moja. Kwa hiyo yafaa vyeti vyote viwekwe mezani na kulinganishwa herufi kwa herufi mtoto akiwa kidato cha tano, wala si wiki ya mwisho ya maombi.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, inataka zaidi ya hayo. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Yatima aonyeshe cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Fomu itiwe sahihi na serikali ya mtaa na hakimu au wakili, na mdhamini awepo na kitambulisho chake. Namba ya mtihani ya kidato cha nne anayoiandika mwombaji kwa Bodi iwe ile ile aliyoiandika chuoni, maana kwa namba hiyo ndipo majina yanapokutanishwa. Kupata chuo si kupata mkopo. Ni maombi mawili mbalimbali, na kila moja lina tarehe zake. Tena mzazi aelewe kwamba mkopo ni deni. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Hatulitaji hilo kwa kutisha. Deni la elimu ni bora kuliko deni la harusi, ila lijulikane tangu mwanzo.

Tuna neno pia juu ya stesheneri. Hatuwalaumu vijana wanaofanya kazi huko, wametusaidia sana. Lakini haifai mwombaji kufika na vyeti ndani ya mfuko, akamwambia mwenye kompyuta, “Nijazie unavyoona.” Tuchukue mfano. Kijana anaacha namba ya siri pale dukani, na namba ya simu anayoandika ni ya rafiki, kwa kuwa yake imeharibika. Vyuo viwili vinamchagua. Mwenye kuchaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja, na namba ya kuthibitishia hupelekwa kwa simu au barua pepe aliyoiandika. Rafiki amesafiri. Siku za kuthibitisha zinapita. Mtoto alichaguliwa mara mbili, na hana hata chuo kimoja. Basi kila mwombaji aandike namba yake mwenyewe, aikariri namba yake ya siri, na kozi azichague nyumbani kwa kalamu kabla hajakaa mbele ya kompyuta.

Kuna na jambo la majira. Vijana wengi wakimaliza mtihani huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, kwa utaratibu uliorudishwa mwaka 2013, na maombi ya mkopo hufunguliwa wakati bado wako kambini. Asiyetayarisha vyeti kabla ya kuondoka huvitayarisha akiwa amechelewa. Tena miezi hiyo ya maombi ndiyo miezi ya ukata katika nyumba zetu. Korosho huanza kuuzwa mwezi wa Oktoba, lakini ada za maombi, za RITA na za Bodi hutakiwa kabla, mkulima akiwa hana senti. Kwa Bodi peke yake ada imekuwa shilingi 30,000 katika miaka ya karibuni. Kwa tajiri si kitu. Kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga pale pwani ni kazi ya siku nyingi. Msimu ukiwa mzuri, fedha hiyo iwekwe kando mwezi wa Desemba, kabla haijaliwa na sherehe.

Na mabinti je? Bado wapo wazee wanaosema kwamba kumpeleka binti Dodoma au Mwanza ni kumtupa. Twawajibu kwa heshima: binti aliyefaulu Fizikia na Kemia amekwisha onyesha akili yake. Kumficha ndani ni kuinyima Mikindani daktari wake.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kila tawi. Kwanza, tawi liandike majina ya vijana wote wa mtaa walio kidato cha tano na cha sita, bila kuuliza mzazi ni mwanachama au si mwanachama. Pili, kila mwaka mwezi wa Februari vyeti vyao vikaguliwe majina. Tatu, kitabu cha mwongozo kichapwe nakala moja, kiwekwe ofisini, na mwalimu mmoja au mwanafunzi wa chuo aliye likizo akae nacho jioni kuwasaidia wenye kuuliza. Nne, uanzishwe mfuko mdogo wa kukopesha ada za maombi, unaolipwa korosho zikiuzwa, na daftari lake lisomwe mkutanoni ili asiwepo wa kunung’unika.

Mambo haya hayahitaji mgeni kutoka mbali wala hotuba ndefu. Mwaka 1961 chama kilitoa jumba zima ili wanafunzi wachache wapate pa kusomea. Leo twaombwa meza moja, taa moja na mtu mmoja mwenye subira. Tawi litakaloshindwa kutoa hivyo lisisimame mbele ya watu kusema kwamba Kusini imesahauliwa.