Papa wa Kabatini

Mwezi huu nakuja na swali moja la kizushi: mwenzi wako anakusanya nini?

Usikimbilie kujibu kwamba hakusanyi kitu. Kuna washikaji wana jezi za Simba na Yanga za kila msimu, hata ile misimu ambayo timu ilirudi mikono mitupu. Kuna akina dada wana vitenge sandukuni ambavyo havijawahi kumwona fundi cherehani. Kuna mashemeji wana droo nzima ya chaja zilizokufa, eti "ipo siku zitafaa". Mimi nakusanya papa. Naam, papa wa baharini pamoja na ndugu zao taa, ila wangu ni sanamu ndogo za plastiki na mpira, saizi ya kuenea kiganjani. Wanaishi kwenye kabati la vioo sebuleni, rafu mbili, na hadi naandika hapa wapo 47.

Najua unacheka. Cheka tu, umeshapitwa. Kwetu Kihurio walicheka kwanza.

Kwa asiyepajua, Kihurio iko wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare, kule tambarare kwenye joto na mpunga, jirani na Ndungu na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ukitoka Same mjini kuja kwetu unapita Kisiwani, na usidanganywe na jina, bahari hapo hakuna. Maji tuliyokulia sisi ni ya mifereji ya mashamba na bwawa la Kalemawe, na samaki wetu ni perege. Isitoshe, watani zetu Wachaga wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Sasa mfikirie Mpare huyo huyo anatoa hela taslimu kununua papa wa plastiki!

Ilianzia gulioni

Papa wa kwanza kumwona maishani mwangu hakuwa na kichwa wala mkia. Alikuwa kipande cha papa mkavu gulioni, cha rangi ya kahawia, kigumu kama soli ya kiatu, na harufu yake ilikupokea kabla hujaifikia meza ya muuzaji. Mama akanunua kidogo, akakiloweka, akakiunga kwa nyanya na kitunguu. Nilikuwa darasa la tatu. Nikamuuliza, "Mama, huyu akiwa mzima anafananaje?" Akanijibu, "Ni samaki, mwanangu. Kula."

Nikala. Swali likabaki pale pale.

Mwaka 2009, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni Dar, nilikutana Kariakoo na machinga mwenye vifuko vya viumbe vya bahari kutoka China, kumi na viwili kwa mfuko. Ndani kulikuwa na papa wanne. Niliwaweka dirishani bwenini. Watu walidhani ni vya mtoto wa dada yangu, nami sikuwa na haja ya kuwasahihisha.

Tazama matamvua, usitazame meno

Wengi tunamjua papa kwa meno yake, kwa sababu ya sinema, na hapa kwetu kwa sababu ya magazeti yaliyozoea kuandika "mafisadi papa". Mkusanyaji hatazami huko. Dunia ina aina zaidi ya 500 za papa, na zaidi ya 600 za taa na jamaa zao. Wote hawana mfupa hata mmoja. Miili yao imejengwa kwa gegedu, kitu kile kile kilicho ndani ya sikio lako.

Ukitaka kujua kama sanamu imetengenezwa na mtu anayejua kazi yake, anza na matamvua. Papa ana nyufa zake ubavuni, kwa kawaida tano kila upande. Taa anazo chini, upande wa tumbo. Kwa hiyo papa upanga, yule mwenye pua ndefu iliyopangwa meno kushoto na kulia kama msumeno, jina lake linatuchanganya: huyo ni taa. Halafu tazama mkia. Wa papa umesimama wima, wa pomboo umelala. Wale wanne wangu wa Kariakoo wote walikuwa na mkia wa pomboo! Mwisho angalia mdomo. Wengi unakuta uko chini ya pua, lakini wa papa potwe uko mbele kabisa, mpana kama mlango wa gereji.

Wanaotengeneza vizuri wanajulikana. Kuna Schleich ya Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1935. Kuna Safari Ltd ya Marekani, ya mwaka 1982. Kuna Papo ya Ufaransa, ambayo jina lake kama vile lilitungwa kwa ajili yetu. Kuna Kaiyodo ya Japani, na hao Wajapani kwa vitu vidogo usishindane nao, wanakuwekea hata nyufa za matamvua kwenye papa mfupi kuliko kidole chako. Jirani zetu Kenya nao wana Ocean Sole, wanaochonga wanyama kutokana na ndala kuukuu zinazookotwa ufukweni. Wazo hilo lilitoka Kiwayu, kaskazini ya Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Julie Church alipowaona watoto wakijitengenezea vinyago kwa ndala zilizoletwa na mawimbi. Papa wangu wa ndala ana milia ya bluu na pinki ambayo hakuna papa duniani aliyewahi kuwa nayo, na wageni wote wanamgusa yeye kwanza.

Ninayemheshimu zaidi ni papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kufika mita 18, lakini chakula chake ni vijidudu na visamaki. Huhitaji kwenda mbali kumwona mzima. Panda boti uende Mafia kati ya Oktoba na Machi, utamkuta karibu na Kilindoni. Madoa ya kila mmoja ni ya peke yake, kama alama za vidole vyako, na wanasayansi huwatambua kwa picha za ubavuni. Mbinu yenyewe, iliyochapishwa mwaka 2005, ilitoholewa kutoka hesabu za wanajimu za kulinganisha picha za nyota. Kenya wanamwita papa shilingi, na husimuliwa kwamba yale madoa ni shilingi alizorushiwa mgongoni kutoka mbinguni.

Shilingi. Hapo sasa ndipo ndoa nyingi zinapoingia kwenye mjadala.

Hela ya papa, hela ya nyumba

Mke wangu ni mtu wa Tanga, upande wa Tongoni, binti wa mvuvi. Kwake yeye papa ni kitoweo. Siku alipoliona kabati langu kwa mara ya kwanza, tukiwa bado wachumba, alimnyanyua papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, akauliza bei. Nikamwambia. Akamrudisha taratibu. "Kwa hela hii ningekuletea papa wa kweli, na tui juu."

Tulikubaliana kabla ya harusi: shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka mfukoni mwangu, hakuna kukopa, na hakuna mzigo wa kufichwa ofisini. Mwezi nisiponunua, inaingia kwenye kibubu. Wenzangu waliniona nimekaliwa. Mimi niliona nimepewa ruhusa yenye mipaka, na ruhusa yenye mipaka huwa inadumu.

Mwaka 2020 kampuni aliyokuwa akifanya kazi ilipunguza watu, naye akawemo. Tukakaa mezani na daftari. Kulikuwa na kodi ya miezi sita, ada ya mtoto, na nyumba yetu ya Kihurio iliyokuwa imefika usawa wa lenta. Kibubu tukakivunja usiku ule ule. Hakikutosha. Wakati ule papa walikuwa 58. Nikasema mwenyewe, "Tuuze."

Nilimwachia yeye achague, kwa sababu mimi nisingeweza. Akawa anawapitia mmoja mmoja. Huyu aende. Huyu aende. Huyu wapo wawili, mmoja aende. Alichagua kwa akili, kuliko ambavyo ningechagua mimi. Wengine walikwenda kwa mama mmoja mwenye chekechea, waliobaki kwa mkusanyaji mwenzangu wa Nairobi. Jumla walikuwa 19. Alipofika kwa papa upanga, ambaye ndiye wa bei kuliko wote rafuni, akamshika kidogo, akamrudisha.

"Huyu hauzwi."

"Ndiye mwenye hela, mama."

"Baba anamjua."

Nikakumbuka. Mwaka uliotangulia tulikwenda Tongoni, na mtoto wetu alikuwa na huyo papa upanga kwenye mfuko wa gauni. Baba mkwe alipomaliza kuitikia shikamoo zetu akamwona mkononi mwa mjukuu wake. Akamchukua, akapitisha kidole gumba juu ya yale meno ya pua, jino kwa jino. "Huyu mumemtoa wapi?" Akatueleza alivyokuwa akiwatoa kwenye nyavu enzi za ujana wake, na jinsi nyavu zilivyoharibika, maana msumeno ule ukinasa haunasuki. Shemeji yangu mdogo, naye ni mvuvi, anaamkia baharini karibu kila siku, akachungulia begani kwa baba yake. "Huyo si wa kwenye katuni?"

Mzee hakumjibu. Alimrudishia mjukuu wake kile kisanamu kwa mikono miwili.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili halikuwa la familia yetu peke yetu. Watafiti waliwahoji wavuvi wa pwani ya Tanzania kuhusu papa upanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: wazee wanamkumbuka, vijana wengi hawamjui. Duniani kuna aina tano za papa upanga na zote zimo hatarini kutoweka. Mwaka 2021 wataalamu walikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa na taa wako hatarini, na sababu kuu ni kuvuliwa kupita kiasi.

Kwa hiyo hatukumuuza. Tukauza jokofu dogo, tukalipa kodi. Mke wangu alipata kazi nyingine mwaka uliofuata, na kibubu kikaanza upya, 20,000 ile ile.

Hapo kuna bati ngapi?

Desemba iliyopita tulikwenda Kihurio kukagua nyumba, na mtoto akabeba papa kumi kwenye begi lake la shule. Akawapanga mkekani kwa bibi yake. Watoto wa jirani wakajaa. Mmoja akauliza kama hawa wanaishi Kalemawe, mwingine akataka kujua nani kati yao anakula mamba. Mama akatoka jikoni alikoacha makande, akasimama, akapiga hesabu kwa macho kama Mpare yeyote mwenye akili timamu.

"Baba, hapo kuna bati ngapi?"

"Saba au nane, mama."

"Na nyumba imeezekwa?"

"Imeezekwa, mama. Tumetoka kuiona."

"Haya." Akachuchumaa, akamwokota papa mmoja mwenye milia, akamgeuza juu chini, akamtazama tumboni, akamtazama mdomoni. "Kumbe ndiye huyu tuliyekuwa tunamloweka!"

Kati ya miaka yote ya kukusanya, sijawahi kupata thamani ya hela yangu kama siku ile.

Kabla hujamwita mwenzio mtoto

Msomaji, barua nyingi zinazofika mezani kwangu zinalalamika kuhusu mwenzi anayepoteza hela kwa "upuuzi". Ukiisoma barua vizuri, mara nyingi unakuta kinachouma ni siri, au hela ya ada iliyoguswa, au wivu kwamba kitu kisicho na uhai kinapata muda ambao yeye hapati. Hayo yanazungumzika. Anzia hapa:

1. Uliza kilianzia wapi. Nyuma ya mkusanyiko wowote kuna swali la zamani au kitu alichokikosa. Muulize mkiwa mmetulia, si siku mzigo unapofika.

2. Wekeni kiwango na mkiandike. Iwe 5,000 au 50,000, mkubaliane wote wawili, na mwenzako naye awe na fungu lake la kutumia bila kuulizwa.

3. Wekeni mipaka ya nafasi. Kwetu ni rafu mbili. Rafu ikijaa, anayeingia anamtoa mwenzake.

4. Usifiche mzigo. Kifurushi kilichofichwa kinanuka kama mpango wa kando, hata kama ndani kuna taa wa plastiki.

5. Jueni kipi hakiuzwi. Siku ya shida ikija, na huwa inakuja, mtauza kwa haraka. Afadhali mjue mapema kipi kina hadithi ya nyumba nzima ndani yake.

Na kama una mtoto chini ya miaka mitatu, kabati liwe juu na lifungwe. Papa mdogo ni mdogo vya kutosha kumkaba mtoto kooni.

Jioni hii kabla hujawasha runinga, nyanyua kimoja katika vitu vya mwenzio, muulize, "Hiki nacho, hadithi yake nini?" Halafu kaa umsikilize mpaka amalize.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!