Gitaa Limelia, Kikapu Kitupu

Huko Ulaya na Marekani wiki ya mwisho ya Agosti ndiyo wiki ya kuaga majira ya joto. Sinema kubwa zilizotolewa tangu Mei zimekwisha kutazamwa, na wakubwa wa kazi hiyo hufunga safari kwenda Venice, kwenye tamasha lililoanza mwaka 1932. Magazeti yao hujaa habari za nani kavuna mamilioni na nani kala hasara. Sisi wa Kinanie hatuna majira ya joto ya kuaga. Agosti yetu ni baridi na mawingu, na mlima Kilimambogo, pamoja na mita zake 2,145, hushinda umejifunika blanketi kama mgonjwa wa homa. Lakini wiki ya starehe tunayo, tena ina hesabu zake. Niliifuatilia ile ya Agosti 2025 siku baada ya siku, na hesabu yake imenikera.

Jumatatu tarehe 25 shule zilifunguliwa kwa muhula wa tatu. Kibanda cha video kilicho karibu nami, ambacho likizo nzima kilifurika watoto, kilibaki na vijana watatu na kuku mmoja. Humo huonyeshwa sinema za kigeni zilizosimuliwa upya kwa Kiswahili cha mitaani, ufundi uliompatia DJ Afro jina nchi nzima. Wako waungwana wanaoudharau. Mimi simo. Sisi wa rika langu tunalikumbuka gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini, shuka jeupe likitundikwa ukutani na matangazo ya sabuni yakitangulia, na yule bwana wa kipaza sauti alitufurahisha kuliko picha yenyewe.

Jumanne hadi Alhamisi sina la kuwasimulia. Mifuko ilikuwa mikavu. Ijumaa ndipo wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya EPZ, kule Athi River, walipoteremka kwenye matatu na mishahara yao, na kila spika ya Kinanie ikafunguliwa hadi mwisho.

Sasa tufike Jumamosi, maana ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Jioni ile ilikuwa fainali ya kombe la CHAN kule Kasarani. Harambee Stars walikwisha tolewa na Madagascar kwa penalti tarehe 22, kwa hiyo baa nzima iliishangilia Morocco kwa ajili ya kisasi. Morocco wakashinda 3-2, watu wakakumbatiana kana kwamba kombe limekuja Machakos. Baada ya mpira televisheni ikanyamazishwa, na mzee mmoja akapanda kwenye kijukwaa cha mbao na gitaa lake.

Mzee huyu simtaji jina, hakunituma. Alipiga kuanzia saa tatu hadi karibu saa saba za usiku, kwa mtindo ule wa Ukambani ambao gitaa hukimbizana na sauti hadi mtu asiyejua neno la Kikamba akajikuta amesimama. Akipumzika, kijana wa mashine alijaza nafasi kwa rekodi za zamani. Watu walicheza, bia zikatoka kreti kwa kreti. Mwisho kikapu kikapitishwa mezani, kikarudi na sarafu na noti chache za hamsini. Mzee akamwendea mwenye baa.

"Mwanangu, hii haifiki hata nauli na chakula."

"Mzee wangu, tulipatana kikapu. Na muziki mimi nimekwisha lipia. Tazama ukutani."

Kweli, ukutani palikuwa na karatasi ya leseni ya kupiga muziki hadharani, imetiwa fremu. Mwenye baa hakusema uongo. Analipia leseni, analipia umeme, na analipia king'amuzi kila mwezi, maana akichelewa siku moja tu picha inakatika na wateja wanahamia kwa jirani. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. King'amuzi kina mwenyewe anayeweza kukikata. Wimbo haukatiki. Mtunzi asipolipwa, wimbo wake unaendelea kulia vilevile, tena kwa sauti ya juu.

Basi fedha ya ile leseni huenda wapi? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Chukua mfano wa Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, aliyejitwalia jina la mlima huu tunaoutazama kila asubuhi. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, ndiyo maana alipendwa mbali na kwao. Alifariki mwaka 1987. Kwa hesabu ya sheria, tungo zake zina mlinzi hadi mwisho wa mwaka 2037. Jumamosi ile nilizisikia mara nne kabla ya saa sita za usiku. Nani aliandika kwamba zimepigwa? Hakuna aliyeandika.

Na hapo ndipo palipooza. Tumekuwa na chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, tangu mwaka 1983. Mwaka 2017 Bodi ya Hakimiliki ilikataa kukipa leseni, ikaipa MPAKE, na tangu hapo watu wamevutana kwa leseni na kwa mawakili mpaka mwanamuziki wa kawaida hajui amwendee nani. Mwaka 2019 wanachama waligawiwa Shilingi 2,530 kila mmoja, na kelele zake bado hazijasahaulika. Watu walicheka udogo wa fedha hiyo. Mimi kilichonishtua ni usawa wake. Mtu ambaye wimbo wake hupigwa kila usiku toka Mlolongo hadi Kitui, na mtu ambaye wimbo wake uliwahi kusikika na mkewe tu, wote sawasawa! Huo si mgao wa mirabaha, ni posho.

Sitaki kusikia kwamba haiwezekani kujua ni nyimbo gani zimepigwa. Kijana wa mashine anapiga kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta inajua kila wimbo iliofungua na saa yake. Redio nazo zina orodha zao. Leseni ya baa iambatane na orodha hiyo, ipelekwe kila mwezi, na fedha zifuate orodha. Vyama vibadilishwe majina mara kumi vikitaka. Bila orodha, kazi itakuwa ni kugawa kwa kukadiria. Na wenye baa nao wasijifiche nyuma ya fremu. Leseni hulipia wimbo. Haimlipi mtu aliyesimama mbele yako saa nne nzima vidole vikitoka damu, huyo ana ujira wake, na kikapu si ujira.

Mimi nilikuwa na daftari, nikaandika. Hadi saa sita za usiku rekodi zilizopigwa zilikuwa 23. Mbili kati ya hizo, msomaji, zilikuwa za mzee mwenyewe! Wimbo mmoja, mara mbili, yeye akiwa ameketi kando ya spika na chupa ya soda. Aliurekodi Nairobi mwaka 1979, akalipwa mara moja, akatia sahihi kwenye karatasi ambayo nakala yake hakupewa.

Jumapili asubuhi nilimkuta kituoni akingoja matatu ya kwenda Joska. Nilimpa ukurasa ule wa daftari. Aliusoma polepole, akaniuliza kama mara ya pili waliupiga wote hadi mwisho au waliukata katikati. Nikamwambia waliupiga wote. Akaukunja, akautia ndani ya mfuko wa gitaa, pamoja na nyuzi za akiba.