Kujitolea si salongo: funzo kutoka depo la gari la moshi

Neno "kujitolea" limeharibika Congo. Mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara anaambiwa kwamba anajitolea. Muuguzi anayeishi kwa kile wagonjwa wanachotoa naye anaambiwa vilevile. Wazee wanakumbuka salongo ya zama za Mobutu, kazi ya bure ambayo raia hakuwa na ruhusa ya kuikataa. Ndiyo maana kijana wa Kalemie au wa Kindu akiitwa kufanya kazi bila malipo, anauliza kwanza: ni nani anayekula pesa yangu? Ana haki ya kuuliza.

Hata hivyo kuna kujitolea kwa kweli, na mfano wake mzuri unapatikana mbali, kwenye mji mdogo wa Tywyn, huko Wales, Uingereza. Reli nyembamba ya Talyllyn ilijengwa huko miaka ya 1860 ili kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka mlimani. Machimbo yalifungwa mwaka 1946. Mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, aliendelea kuiendesha kwa hasara hadi alipofariki mwaka 1950. Hapo kila mtu aliona kwamba mwisho umefika, vyuma vitauzwa na majani yatafunika njia.

Mwandishi L.T.C. Rolt na wenzake waliitisha mkutano Birmingham mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Hawakuisubiri serikali. Tarehe 14 Mei 1951 gari la moshi la kwanza chini ya watu wa kujitolea liliondoka. Injini iliyoweza kutembea ilikuwa moja tu, Dolgoch, yenye umri wa zaidi ya miaka 80. Hakuna reli nyingine duniani iliyookolewa kwa njia hiyo kabla yake, na hadi leo inabeba abiria.

Abiria huona moshi, husikia honi na kupiga picha. Kazi yenyewe iko nyuma, kwenye depo la Pendre. Mtu anaamka kabla ya jua, anafungua chumba cha moshi mbele ya injini na kutoa majivu ya jana. Anaangalia kiasi cha maji, kisha anawasha kuni na kuongeza makaa ya mawe polepole. Ni kazi ya saa nyingi, kwa sababu chuma kikipashwa moto haraka kinaumia. Wengine wanatia mafuta kwenye kila kiungo na kufuta masizi. Siku ya kuosha boila, maji yote yanatolewa na uchafu ulioganda ndani unakwanguliwa, kwa sababu ukiachwa unazuia joto na kuharibu chuma. Anayeanza hapewi usukani. Anaanza na kitambaa cha kufutia, baadaye anakuwa mchochea moto, na baada ya miaka akifaulu mitihani anakuwa mashinisti.

Watu hao wana riziki yao mahali pengine: kuna walimu, mafundi, wanafunzi na wastaafu. Wanakuja siku waliyoichagua wenyewe na wanaweza kuacha bila kuadhibiwa. Tena reli hiyo ina wafanyakazi wachache wanaolipwa, maana kuna kazi za kila siku ambazo haziwezi kutegemea hiari. Hapo ndipo kujitolea kunapotofautiana na salongo.

Wapo watakaosema kwamba Congo ya mashariki ina vita, wakimbizi na njaa, na kwamba injini za zamani ni mchezo wa matajiri. Pingamizi hilo ni zito. Lakini watu wa Tywyn walianza wakati Uingereza ingali inagawa nyama na sukari kwa vipimo, na ugawaji wa nyama ulidumu hadi mwaka 1954. Wengine watasema kwamba reli ni kumbukumbu ya mkoloni. Ni kweli Mbelgiji ndiye aliyeagiza ile iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, pale Albertville, Kalemie ya leo. Lakini mikono iliyochimba njia, kutandika vyuma na kuchochea moto ilikuwa ya Wacongomani. Kutupa kumbukumbu hiyo ni kuwatupa wao, si Mbelgiji.

Adui wa kumbukumbu hiyo ana mizani mkononi: ni mnunuzi wa mitraye, anayeona kilo tu. Adui wa pili ni kifo. Mzee aliyejua kusikia kwa sikio kama mvuke unatoka vibaya akizikwa, hakuna kitabu kitakachorudisha sikio lake.

Hakuna haja ya kuanza na pesa nyingi. Wakubwa wa reli wanaweza kufungua mlango wa depo Jumamosi moja kwa mwezi. Wanafunzi wa shule za ufundi wanaweza kuandika orodha ya kila kitu kilichobaki, iwe injini, taa, vyombo au daftari za safari, na kurekodi maneno ya mashinisti wa zamani. Na kusiuzwe chuma chochote kabla hakijaandikwa.

Lakini masharti yawe wazi tangu mwanzo. Anayekuja aje kwa hiari, na apewe ufundi utakaomsaidia kutafuta kazi. Na mstaafu anayedai malimbikizo ya mshahara alipwe haki yake kabla ya kuombwa maarifa yake. Akiombwa bure huku deni lake limelala ofisini, hiyo itakuwa salongo ya pili, na vijana watakuwa na haki ya kubaki nyumbani.