Ninja wa Zambarau Mfukoni mwa Mwanafunzi

Mwalimu mwanafunzi mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alituletea, mwishoni mwa juma lake la pili, kitu alichomnyang'anya mtoto wa Darasa la Tatu katikati ya somo la Hisabati. Kilikuwa mwanasesere wa plastiki, mrefu kidogo kuliko kidole cha kati, amevaa mavazi ya zambarau, uso wake umefunikwa hata hayaonekani ila macho. Mtoto alikuwa amenunuliwa kitu hicho kutoka katika rundo la mitumba. "Nifanye nini nacho?" alituuliza mwalimu huyo. Twaona swali lake lastahili kujibiwa mbele ya walimu wanafunzi wote, kwani hapana atakayemaliza mwaka wake wa kwanza kazini bila ya kukutana nalo.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana mwalimu hawezi kuhukumu asilolijua. Mwanasesere huyu huitwa Dice. Alitolewa mwaka 1992 na kampuni ya Hasbro ya Marekani, katika kikundi cha maninja kilichoitwa Ninja Force, ambacho ni sehemu ya wanasesere wa vita wa G.I. Joe. Yeye yu upande wa Cobra, yaani jeshi la maadui, na silaha yake ni fimbo ndefu. Ndani ya mwili wake mna springi inayoufanya mkono upige wenyewe. Wanasesere wa G.I. Joe walianza kuuzwa mwaka 1964, wakiwa na urefu wa karibu sentimita 30. Wafanyabiashara wa siku hizo walihofu kwamba mvulana wa Kimarekani hatakubali kucheza na mwanasesere, wakabuni jina jingine lenye maana ya sanamu ya vitendo. Lugha yetu haina aibu hiyo. Mwanasesere ni mwanasesere, awe na kisu au awe na kanga. Mwaka 1982 walirudishwa sokoni wakiwa wadogo zaidi, wa sentimita 9.5 hivi, na katika kimo hicho ndimo alimozaliwa huyu wa zambarau.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kitu cha namna hii hakina nafasi shuleni, kwa kuwa hufundisha ugomvi. Hoja yao si ya kudharauliwa. Nchini Sweden, mwaka 1979, wenye maduka ya vitu vya kuchezea walikubaliana na vyombo vya umma kuacha kuuza vile vinavyoiga vita vya kisasa. Nchini Marekani nako, sheria ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha matangazo ya biashara katika vipindi vya watoto vya televisheni: dakika 10.5 kwa saa mwisho wa juma, na dakika 12 siku za kazi. Lakini tazama hatua hizo zilielekezwa kwa nani. Zilielekezwa kwa muuzaji. Hapana iliyomwelekea mtoto, wala hapana iliyosema kwamba mtoto aliyekwisha kukipata kitu hicho ni mkosaji. Mwalimu anayekinyakua na kukifungia kabatini amemwadhibu asiyehusika na biashara hiyo, na darasa halikujifunza neno.

Sisi twaona njia iliyo bora ni kumweka ninja huyu juu ya meza ya mwalimu na kuuliza maswali. Swali la kwanza ni jepesi: mtu wa rangi hii aweza kujificha wapi? Watoto watacheka, kisha watafikiri. Katika historia ya Japani, watu hao waliitwa shinobi, na waliojulikana sana walitoka katika nchi za Iga na Koka, katika karne za vita za 15 na 16. Kazi yao kubwa ilikuwa upelelezi. Kitabu cha Bansenshukai, kilichokusanywa mwaka 1676 ili kuhifadhi maarifa yao, chaeleza namna za kujigeuza: mpelelezi alijifanya mtawa, mchuuzi, au mtu wa kawaida kabisa. Hata yale mavazi meusi tunayoyaona katika sinema yaaminiwa kuwa yalitokana na michezo ya jukwaani, ambako wasaidizi wa jukwaa walivaa nyeusi ili wasihesabiwe kuwa wapo. Basi zambarau yatoka wapi? Yatoka dukani. Rangi hiyo haikutiwa ili adui asimwone ninja. Ilitiwa ili mtoto amwone kutoka mbali. Mwanafunzi wa Darasa la Tatu akiligundua hilo mwenyewe, amepata somo kuhusu matangazo ya biashara litakalomfaa maisha yake yote.

Swali la pili ni zito zaidi: tumejuaje kwamba huyu ni mbaya? Hapa watoto hujibu bila kusita, "Amefunika uso." Mwalimu asilipite jibu hilo. Katika miji yetu, hasa ya pwani, neno ninja limekwisha kutumiwa kwa mzaha kumwita mwanamke aliyevaa nikabu. Ikiwa darasani mmeketi mtoto ambaye mama yake hujisitiri hivyo, naye asikie wenzake wote wakikubaliana kwamba uso uliofunikwa ni dalili ya uovu, ni nani aliyemjeruhi siku hiyo? Mwanasesere hana ulimi. Ni sisi tulionyamaza. Katika hadithi zetu, Fisi huwa mbaya kwa ulafi wake, nasi twauona ulafi huo ukimponza. Matendo yake ndiyo yanayomhukumu. Ninja wa plastiki amekwisha kuhukumiwa kwa nguo kabla hajatenda lolote.

Lakini hata huko alikotoka, walikuwapo walioiona kasoro hiyo. Nyuma ya pakiti ya kila mwanasesere kulikuwa na kadi ya kukata, yenye maelezo mafupi ya maisha yake. Nyingi ya kadi hizo ziliandikwa na Larry Hama, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, ambaye pia aliandika hadithi za picha za G.I. Joe. Mwaka 1984 alimleta ninja wa adui aliyevaa nyeupe, Storm Shadow, katika toleo la 21, ambalo lasimulia kisa kizima kwa picha, bila neno hata moja la mazungumzo. Katika matoleo yaliyofuata ikafunuliwa kwamba mtu huyo alikuwa ameshukiwa kumuua ami yake, na kwamba alijiunga na maadui ili amtafute muuaji wa kweli. Mwaka 1988 mwanasesere wake aliuzwa upya, safari hii akiwa upande wa mashujaa. Mbaya alikuwa mtu aliyehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Twalisema hili kwa sababu. Tulimshauri mwalimu wetu arudi shuleni na, kabla ya lolote, atazame watoto wakicheza wakati wa mapumziko. Alituletea habari hizi. Mtoto yule mwenye ninja alikuwa mgeni, aliyehamia muhula huo, na matamshi yake yalitofautiana na ya wenzake. Kila siku mchezo ulipoanza, yeye ndiye aliyepewa kuwa adui. Hakuna aliyemuuliza kama ataka. Juma lililotangulia chaki zilikuwa zimepotea, na darasa zima lilimnyoshea yeye kidole; mwalimu naye, kwa kukiri kwake mwenyewe, aliamini. Chaki zilionekana baadaye ndani ya mtoto wa meza ya mwalimu. Hapana aliyemwomba radhi mtoto yule. Alichokuwa akikishika mfukoni wakati wa Hisabati kilikuwa rafiki pekee aliyekuwa naye chumbani humo.

Ndugu walimu wanafunzi, mchezo wa watoto ni kioo cha darasa. Anayefanywa adui kila siku uwanjani, ndiye atakayeshukiwa kila siku darasani. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa kila shule, hata iliyo na chaki na ubao tu.

La kwanza, zamu. Katika mchezo wowote wenye shujaa na adui, pande zibadilishane kila siku, na mwalimu asimamie jambo hilo.

La pili, wasifu. Katika somo la Kiswahili, kila mtoto aandike sentensi tano juu ya mtu mbaya katika hadithi aijuayo: azaliwa wapi, apenda nini, aogopa nini, alikosea lini, angefanyaje kulipa kosa lake. Zoezi hili lafundisha kuandika, na papo hapo lafundisha kusikiliza kabla ya kuhukumu.

La tatu, hadithi ya picha isiyo na maneno. Watoto wachore picha nne, kisha jirani asimulie kwa mdomo anachokiona. Asiyeweza bado kuandika vizuri atang'ara hapa, na mgeni wa lugha vilevile.

La nne, kufinyanga. Watoto watengeneze wahusika wao kwa udongo, mabua, waya na vitambaa. Wala wasidhani kwamba uhaba ni aibu. Mwaka 1982 kiwanda kililazimika kubana matumizi, na mwanasesere mmoja, Snake Eyes, akaachwa plastiki nyeusi tupu bila rangi. Huyo ndiye aliyekuja kupendwa kuliko wengi waliopakwa.

Na ninja wa zambarau je? Arudishwe kwa mwenyewe siku ileile baada ya masomo, kwa mkono wa mwalimu, mbele ya wenzake. Mwalimu wetu alifanya hivyo, na alipomrudishia aliongeza neno juu ya zile chaki: alisema kwamba alikosea, na kwamba aomba radhi. Darasa lilinyamaa kimya. Kesho yake, alivyotuambia, mtoto mmoja alimwuliza mgeni yule jina la mwanasesere wake.

Andalio la somo hilo halimo katika kitabu chochote cha mwongozo. Ni wajibu wetu kuliandika sisi wenyewe, kila mmoja katika darasa lake.