Boksi Imeandikwa OLED. Sawa, Lakini OLED Gani?

Wasee, kabla utoe doh ya TV, nipeni dakika mbili.

Kuna boy wangu ana kibanda cha PlayStation mtaani. Amejinyima mwaka mzima, mia mbili leo, mia tano kesho, mpaka akanunua OLED ya inchi 55. Usiku hiyo TV ni moto. Lakini saa nane mchana, mlango ukiwa wazi na jua likiingia, ile nyeusi aliyoonyeshwa dukani inageuka kijivu chenye zambarau kwa mbali. Akarudi kuuliza. Jibu? "Buda, OLED ni OLED."

Zii. Kuna aina mbili kubwa. WOLED hutengenezwa na LG Display, na kila pikseli yake ina vidoti vinne: nyekundu, kijani, buluu na nyeupe. QD-OLED ni ya Samsung Display, iliingia kwa TV mwaka wa 2022, na ina vidoti vitatu vilivyopangwa kama pembetatu. Rangi zake ni tamu sana. Shida ni kwamba haina kile kichujio cha kumeza mwanga wa nje, kwa hivyo chumba kikiwa na jua, nyeusi inafifia. WOLED hapo inabaki nyeusi.

Hakuna iliyo takataka. Chumba chako kina giza? Chukua QD-OLED ufurahie. Unaishi na dirisha kubwa? Fikiria WOLED. Lakini utachaguaje kama hujaambiwa?

Na usidhani jina la modeli litakusaidia. Samsung S90C ya 2023, inchi 55, 65 na 77 ni QD-OLED. Ya inchi 83 ni WOLED. Jina ni lile lile! S90D ya 2024 nayo, paneli ilitegemea saizi na nchi inakouzwa. Kwa hivyo ile video ya Marekani uliyotazama ukashawishika, pengine ilikuwa inasifu TV tofauti na yako. Na hapa sisi wa content pia tuna lawama. Tunasoma boksi kwa sauti, tunaita hiyo ripoti.

Sasa chanuka. Ukiwa dukani, mwambie muuzaji azime TV, kisha umulike kioo na tochi ya simu. Ukiona kijivu au zambarau, shuku QD-OLED. Hiyo ni dalili tu, ushahidi unafuata. Washa TV, weka picha nyeupe, sogeza kamera ya simu karibu kabisa, ile ya kupiga vitu vidogo. Ukiona kidoti cheupe, ni WOLED. Ukiona pembetatu, kijani juu, nyekundu na buluu chini, ni QD-OLED. Imeisha.

Lakini kusema kweli, hii kazi ya upelelezi haifai kuwa yetu. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Aina ya paneli ni habari. Iandikwe kwa boksi, herufi kubwa, kando ya inchi.

Mpaka siku hiyo ifike, mwambie muuzaji aandike aina ya paneli kwa risiti kabla hujalipa. Akikataa, rudisha simu mfukoni na utoke. Boy wangu angejua hivyo, leo hangekuwa anafunga mlango mchana, watu wanacheza wakitoka jasho, ndio nyeusi ionekane nyeusi.