Amefanya nini? Swali la kuuliza kabla ya kuhukumu mtu

Ndugu vijana wa Bukavu, wa Goma na wa Idjwi,

Kwetu mtu anaweza kuhukumiwa kabla hajasema hata "jambo". Anashuka kwenye boti bandarini, anauliza njia ya kwenda Kadutu, na tayari kuna mmoja ananong'ona: "Ule ni wa Idjwi, mumuangalie muzuri." Motari naye anamtazama pua na urefu, anasema: "Sura yake haiko ya huku." Hakuna aliyeuliza jina lake, wala kazi yake, wala juu ya nini amekuja. Dakika moja haijaisha, kesi imekwisha.

Tunaandika juu ya tabia hiyo kwa sababu inaua. Desemba 2021, kule Lweba katika teritware ya Fizi, afisa wa FARDC aliuawa na kundi la watu, mwili wake ukachomwa. Alikuwa Munyamulenge. Novemba 2023, Goma, afisa mwingine wa FARDC aliuawa na watu vile vile, kwa sababu ya sura yake. Wote wawili walikuwa wanatumikia inchi hii. Na Septemba 2021, kule Kalehe, upande wa pili wa maji ukitazama kutoka Idjwi, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa na majirani zao. Kila mara hukumu ilitangulia, na maswali yakabaki kwa ajili ya matanga.

Juu ya nini tunahukumu haraka hivi? Jibu la "watu ni wabaya" halitoshi. Jirani anayebeba jiwe leo ndiye jana alibeba maji kwa mgonjwa. Tutafute sababu zenyewe.

Sababu ya kwanza iko ndani ya kichwa cha kila mtu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, walionyesha watu picha za sura wasizozijua, nyingine kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Wakawauliza: huyu ni wa kuaminika? Watu walijibu. Na hukumu ya muda ule mdogo ilifanana sana na hukumu ya wale walioachiwa muda wote waliotaka. Muda uliongeza zaidi uhakika wao. Tuelewe vizuri hapo: mtu anaweza kumtazama mgeni muda mrefu, akafikiri kwamba sasa anamjua, kumbe ameendelea tu kukubaliana na macho yake mwenyewe. Kutazama peke yake si kuuliza.

Sababu ya pili: tunajipimia kwa kipimo kimoja, na wengine kwa kingine. Mimi nikichelewa, ni upepo wa ziwa, ni injini ya boti. Mtu wa Idjwi akichelewa kwenye biro Bukavu, wanasema: "Bale ba kisiwa njo vile beko." Shida ya kwangu inatoka njiani, shida ya mwenzangu inatoka mu damu. Lakini kisiwa hakina daraja. Kila mgonjwa, kila mwanafunzi, kila kikapu cha nanasi kinapita juu ya maji. Asiyejua njia ile anaona tu mtu aliyechelewa.

Kahawa ndiyo mfano mkubwa zaidi. Miaka mingi kahawa ya Idjwi ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda. Wanaume wengi walizama, wakaacha wajane na watoto. Mjini walipewa jina moja: wafanya magendo, basi. Aliyewaita hivyo hakuuliza kwa nini baba wa watoto sita aingie ziwani gizani na magunia ya kahawa. Hakuuliza nani alikuwa ananunua kahawa hiyo upande wetu, na kwa bei gani, na kodi ngapi zilikuwa zinamngoja. Wakulima walipounda ushirika wao, na wajane wale wakaingia ndani, ilionekana walikuwa wanatafuta soko tu. Mtu ni yule yule. Njia ndiyo iliyobadilika.

Sababu ya tatu ni woga, na woga wa kwetu una historia. Idjwi iko katikati ya ziwa Kivu, Congo huku, Rwanda kule. Mwisho wa karne ya 19 jeshi la mwami Rwabugiri wa Rwanda lilikikalia kisiwa. Mwaka 1910 Wazungu waliketi Brussels, wakagawana mipaka, Idjwi ikawekwa upande wa Congo ya Wabelgiji. Hakuna mkaaji aliyeulizwa. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika hata kisiwani. Basi kuna familia zenye shangazi ng'ambo ya maji, na maneno mengi ya Kihavu yanafanana na ya majirani. Ulimi wa mtu unabeba historia yote hiyo, lakini kwenye kizuizi unasikilizwa kama vile ni ungamo la kosa.

Na tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, woga umezidi. Aliyekimbia anaitwa mwoga. Aliyebaki anaitwa msaliti. Aliyebaki kwa sababu mama yake hawezi kutembea, nani alimuuliza?

Sababu ya nne ni haki isiyofika. Mtu akianza kukonda, mtaa unasema amekula karuho. Kabla hajapimwa hospitali, jina la mama mmoja mzee limekwisha kutajwa. Watu wanajua kesi ikifika parke itataka feza, itataka safari, na mwisho mshtakiwa anaweza kurudi bila kuhukumiwa. Basi wanajifanya wenyewe polisi, jaji na mnyongaji. Tunaelewa hasira hiyo. Lakini anayelipa deni la serikali ni mama yule mzee, na serikali yenyewe haijalipa kitu.

Tusiseme pia kwamba wa kisiwa wanaonewa tu. Idjwi ina sheferi mbili, Rubenga na Ntambuka, na katika zote mbili kuna Bambuti. Waliishi msituni, wakatolewa, msitu ukawa mashamba ya wengine. Leo viazi vikipotea usiku, asubuhi wa kwanza kutajwa ni Mumbuti. Mtoto wake asipoenda shule wanasema: "Bambuti habapendake kusoma." Hawasemi kwamba baba yake hana hata kipande cha shamba cha kupata feza ya daftari. Mtu huyo huyo anayelalamika bandarini Bukavu kwamba ameonewa kwa ajili ya kisiwa chake, jioni akifika nyumbani hakubali kunywa kwenye kikombe kimoja na Mumbuti. Inchi yetu ina sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu hao. Sheria iko. Kikombe bado.

Tunajua mtakalotujibu: "Lakini vita ni vya kweli, adui yuko." Ndiyo, yuko. Na ndiyo sababu tunasema hivi. Adui anajulikana kwa alichofanya: aliyeua, aliyepora, aliyebaka, aliyeuza siri za wenzake. Ukimtafuta kwa pua, utampiga mwalimu wa Idjwi aliyekuja kuchukua mshahara wake, na mwuaji mwenye sura "ya huku" atapita mbele yako, utamsalimia na kumwachia kiti. Anayehukumu kwa sura hana ulinzi wowote. Amefumba macho, akafikiri anakesha.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imesema katika kifungu cha 17: kila mshtakiwa ni mtu asiye na kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Haikusema "isipokuwa wakati wa vita". Haikusema "isipokuwa wenye pua ndefu".

Basi tunaomba mambo matatu.

Kwako kijana mwenye simu: picha ya mtu ikifika kwenye kundi la WhatsApp na maneno "mumujue huyu", usiitume mbele. Uliza: amefanya nini? Lini? Nani aliona kwa macho yake? Kama majibu ni kabila, sura, lugha au kisiwa, basi hakuna kosa, na picha hiyo ifie kwako. Anayeituma anatumia sekunde mbili. Anayeonyeshwa anaweza kutumia uhai wake.

Kwako unayekuta watu wamezunguka mtu barabarani: usiende peke yako kupigana na kundi. Ita wenzako, ita shefu wa avenyu, ita padri, mchungaji au shehe aliye karibu, na mulize kwa sauti moja: "Amefanya nini?" Kundi halipendi swali hilo, kwa sababu wengi waliofika nyuma hawajui jibu. Wakati wanatafuta jibu, mtu anaweza kuondolewa salama.

Kwa wenye mamlaka, wawe nani na wakae wapi: bandarini na kwenye vizuizi, muangalie karte na matendo, muache sura. Na waliochoma watu Lweba, Goma na Kalehe, wote wapelekwe mbele ya tribinali, hadharani, wakiwa na wakili. Hata wao hatutaki wahukumiwe kwa haraka. Tunataka waulizwe swali lile ambalo waliowaua hawakupewa nafasi ya kulijibu.